Kiungo cha Tatu

Wiki chache kabla ya arusi yake, Salama alifuta mistari kadhaa ya msimbo kwenye kompyuta, akajipongeza kwa usafi, akaenda kula. Hakujua kwamba kwa kufanya hivyo alikuwa amemwondoa mama yake kwenye ukoo. Makosa ya namna hii hayana kelele. Sufuria ikianguka jikoni angalau utasikia.

Salama alikuwa karani wa sekretariati moja ya mtaa wa Kasuku, karibu na stesheni ya treni, yaani kile kibanda chenye fotokopi ambako watu wa Kindu huenda kuchapishiwa barua za kuomba kazi ambazo hazipo. Asubuhi alichapa. Mchana, wateja wakiwa wamekwenda kula na betri za sola zimejaa, alijifunza kuandika programu kwa kusoma maelezo ya Kifaransa yaliyoandikwa na watu wasio na huruma. Alianza bila kujua kitu, na baada ya mwaka mmoja alikuwa amefika mahali ambapo mtu hajui kitu lakini haogopi tena.

Programu yake iliitwa Nani Kwangu. Shida iliyoizaa ilikuwa ya kweli. Vita vilikuwa vimewatawanya watu wa jimbo letu la Maniema vibaya sana. Walioondoka wakiwa watoto walirudi na ndevu, na kwenye matanga watu walikalia mkeka mmoja bila kujua waitane nini. Kijana mmoja wa Mikelenge alimpenda binti wa Lubutu, akamshawishi mwaka mzima, na siku wazazi walipokutana ikaonekana kwamba binti ni shangazi yake. Aliyecheka zaidi ni shangazi. Basi Salama akaandika programu: unaingiza nani kamzaa nani na nani kamwoa nani, kisha unataja majina mawili, nayo inakwambia huyu ni nani kwa yule. Baba mdogo. Shemeji. Mjukuu. Na ikikosa njia ya kutoka jina moja hadi jingine, inaandika: Si ndugu.

Aliamua kuiweka wazi mtandaoni, programu huria, kwa sababu alikuwa amesoma kwamba ukifanya hivyo watu wasiokujua watakuja kukurekebishia makosa bure. Jambo hilo lilimshangaza, maana watu wanaokujua hawafanyi hivyo. Alichagua leseni, na siku hiyo alipofika nyumbani alimsomea mama yake, aliyekuwa ameketi uani akipepeta mchele.

"Kwa hiyo muntu anakamata kitu yako, haombi?" Mwanahamisi aliuliza.

"Haombi, mama."

"Na anaweza kuibadirisha vile anataka?"

"Vile anataka. Inatolewa vile iko, hakuna garantie. Ikiharibika mukononi yake, ni juu yake."

"Na weye unapata nini?"

"Kitu kimoja tu. Jina ya ule alitengeneza mbele ya wote, asiitoshe, asiifute."

Mwanahamisi akarusha mchele juu, akaudaka na ungo, makapi yakaenda zake na upepo.

"Hiyo sheria ninaijua," akasema.

Salama alidhani hakuelewa, akamwacha.

Sasa, Mwanahamisi hakumzaa Salama, na hapo ndipo mambo yote haya yanapoanzia. Wakati wa vita, treni ilipokuwa imekufa na mji umezungukwa, watu wenye nguvu ya kutembea waliifuata reli kwenda kusini, upande wa Kibombo. Mwanahamisi alikuwa mchuuzi wa mchele, ile njia anaijua daraja kwa daraja. Katika kundi lake kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Mwamini, mtoto mgongoni na homa mwilini. Mwamini hakufika. Kabla ya kukata roho alimwambia Mwanahamisi jina la mtoto, jina la baba yake mzee, kijiji chao cha Lokandu, na jina la kaka yake mkubwa, Masudi wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Mwanahamisi alikuwa hajui kuandika, basi aliyasema majina yale njia nzima, kwa sauti, akitembea. Wenzake walidhani kichwa chake kimeanza kuchanganyikiwa. Siku zile hilo halikuwa jambo la kumsimamisha mtu.

Vita vilipopoa alirudi Kindu na mtoto. Akamlea kwa mchele na sombe, yaani kisamvu, akamsomesha, na kila mara alipopata nafasi alikwenda kwenye redio ya mji kumsumbua mtangazaji amtafute Masudi wa Alunguli. Majirani walimwona mjinga. Mtoto keshakuwa wako, kwa nini unawaita wenyewe? Mwanahamisi alijibu kwamba mtoto si mbuzi wa kuokota. Salama alikuwa msichana wa sekondari wakati Masudi, aliyesukumwa na vita hadi Kisangani pamoja na ndugu zake, aliporudi, akasikia jina lake redioni, akavuka mto akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. Kuanzia siku hiyo Salama alikuwa na ukoo mzima. Na Mwanahamisi, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Salama, kwa watu wa Alunguli akawa dada Mwanahamisi, yule aliyetusaidia.

Masudi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee mrefu, mtu wa msikiti, mkali wa adabu, mwenye tabia moja tu isiyoeleweka: akijikwaa, au akiungua na chai, au mtumbwi ukiyumba katikati ya mto, alipiga ukelele, "Mama Hélène!" Wajukuu walidhani ni tusi la Kifaransa. Mdogo wake, Zainabu, alisema alirudi nalo kutoka Pangi, kwani alipotelea huko akiwa mtoto mdogo, katika vita vya zamani, vile vya uasi wa Mulele. Hadithi ilikuwa inaishia hapo, kwa sababu kila ilipofika hapo Masudi aliomba chumvi.

Turudi kwenye programu. Watu walikuja kuirekebisha kweli, tena wengi, na hapo Salama akafanya kosa ambalo nadhani lisingefanyika kwingine. Kwetu jirani akikuletea sahani iliyofunikwa hufunui ukaonja mbele ya macho yake; unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, mengine utayajua baadaye. Salama aliipokea kila nyongeza namna hiyo. Mwalimu Okito, jirani yake aliyetoka Kibombo, alileta kanuni kwamba watu waliokaa ua mmoja ni ndugu. Mtu wa Lubutu akaleta kwamba waliotahiriwa msimu mmoja ni ndugu. Mwingine akaleta ndoyi, yaani watu wa jina moja, na kwa kuwa mama wa ndoyi wako ni mama yako, kila Salama wa Maniema akapata akina mama wa kutosha kujaza treni. Mtu mmoja akaongeza waimbaji wa kwaya moja. Salama alikubali yote, na chini ya kila nyongeza akaandika: Aksanti mingi.

Programu ikawa na ukarimu wa kutisha. Fadhili, mchumba wake, fundi wa redio mwenye subira, alijaribu majina yao mawili akaambiwa kwamba yeye ni mjukuu wa Salama. Akamwamkia shikamoo. Salama alijaribu pia jina la Mwanahamisi. Programu ikajibu: Mama. Alifurahi, wala hakuuliza jibu limepita wapi. Lilikuwa limepita kwa mwalimu Okito, likazunguka kwaya, likavuka mto mara mbili, likarudi. Lakini jibu likiwa sawa, nani anauliza njia?

Aliyeuliza aliitwa Émilienne. Huyu alikuwa mwandishi wa programu, fundi hasa, mzaliwa wa Kindu anayekaa Lubumbashi, na Salama hajawahi kumwona hadi leo. Aliandika malalamiko yake hadharani, pale ambapo kila mtu huyasoma.

"Programu yako imenipatia baba sita. Nilikuwa na mumoja, na ule peke alikuwa mingi. Dada, kuacha mulango wazi haiko kusema kila muntu alale kwa kitanda yako. Una haki ya kukatala."

Salama alisoma maneno hayo mara kadhaa. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ana haki ya kukataa, wala nyumbani, wala kazini, wala msikitini. Émilienne akamfundisha taratibu, kwa maneno machache na makali: kila anayeleta nyongeza aandike sababu, kila nyongeza ijaribiwe kwanza na watu wa kweli, na mtu yeyote, hata mwenye programu, asikubali nyongeza yake mwenyewe. Lazima awepo mtu wa pili wa kubonyeza.

Kuhusu huyo mtu wa pili, Masudi hakungoja kuulizwa. Kama kuna mlango wa ukoo, alisema, ufunguo mmoja unakaa kwa mjomba. Salama akamfungulia nafasi kwenye simu yake, akamwonyesha kidude cha kukubali na kidude cha kukataa. Cha kukubali alikisahau mara moja. Kile cha pili alikipenda sana. Jioni baada ya sala alikaa barazani Alunguli akikataa nyongeza za watu wa Kisangani, wa Goma, na ya mmoja aliyeandika kutoka Ubelgiji, na sababu aliyoiandika ilikuwa moja kwa wote: Hapana.

Ndipo Salama aliposafisha. Alifuta ua wa Okito, akafuta jando, ndoyi na kwaya. Akabakiza viungo viwili tu, kuzaliwa na kuoana. Masudi akabonyeza cha kukubali, baada ya kuelekezwa kilipo. Fadhili akaacha kuwa mjukuu. Salama akaenda kula.

Wiki iliyofuata wazee walikutana Alunguli kupanga arusi. Kwa watu wa Lokandu kuna jambo moja la arusi lisilo na mchezo, nalo ni kikwembe cha mama. Upande wa mume huja na kikwembe, yaani kitenge kizuri ambacho hakijakatwa, nao huuliza mbele ya watu wote: Mama wa huyu ni nani? Mwanamke mmoja husimama, akasema, "Ni mimi." Hapo anafunikwa kile kikwembe, anakaa mkekani na bibi arusi, na ni nyumbani kwake binti atakimbilia siku ndoa ikiwa na moshi. Mengine yote ya arusi huweza kusahihishwa baadaye. Hilo haliwezi. Tangu Salama ajue maana ya arusi alijua nani angesimama, na hakuwahi kulisema kwa sababu hakudhani kwamba linahitaji kusemwa.

Lakini wazee ni wazee. Mmoja akasema mama amekufa, basi damu isimame. Mwingine akasema aliyelea naye ni mtu. Sauti zikaanza kupanda. Masudi akainua simu.

"Tuache kelele," akasema. "Mutoto wetu ametengeneza kitu ya kukata hii maneno. Iseme yenyewe."

Wote wakakubali, Salama wa kwanza, tena kwa majivuno. Masudi akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Akasoma.

"Zainabu kwa Salama: mama mudogo."

Zainabu akarekebisha kitambaa chake kichwani.

"Mwanahamisi kwa Salama." Masudi akasogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu. "Si ndugu."

Mwanahamisi alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alisikia vizuri, kwa kuwa Masudi husoma kwa sauti ya kuadhini. Hakuna aliyemtazama, na wote walijua yuko wapi.

"Bon," akasema. "Mimi nitasimamia sufuria. Watu watakuwa mingi, na wapishi ya siku hizi wanaunguza muchele."

Akaweka sinia chini, akagawa chai, na kwa kila kikombe akamuuliza mwenyewe anataka sukari kiasi gani. Salama alitaka kusema kitu. Badala yake akapokea kikombe, akasema kijiko kimoja. Ilikuwa programu yake, kanuni zake, na ameshasema mbele ya wote kwamba anakubali.

Nyumbani Mwanahamisi hakulia wala hakununa, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu kwamba arusi ikiisha atakwenda Kibombo kuangalia shamba la mpunga la wifi yake. Kuangalia kidogo, alisema. Lakini Salama alimwona akikunja na chandarua, na mtu hachukui chandarua chake cha pekee kwenda kuangalia.

"Mama, ile ni mashini tu, ordinateri."

"Mashini haina kosa. Imesema ya kweli. Mimi sikukuzaa."

"Nitaibadirisha."

"Usibadirishe juu yangu. Umeshakatala watu mingi. Mimi niko nani?"

Salama alikwenda sekretariati, akafunga mlango mbele ya mteja aliyekuja na barua yake, akaandika. Aliongeza kiungo cha tatu: amelelewa na. Si damu, wala hakigusi mirathi, maana programu haigawi kitu. Inasema tu umwite nani nini. Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Kilichomchosha ni kile kisanduku cha sababu alichokiweka yeye mwenyewe na sasa kilimtazama kitupu. Aliandika na kufuta habari za reli, za redio, za mchele. Mwishowe akaandika: Sababu: programu inasema uongo.

Émilienne alijibu saa ileile. "Nimeisoma, nimeijaribu, iko sawa. Ningekuwa na ufunguo ningeshabonyeza. Mwenye ufunguo njo mujomba yako. Bon courage, kaza roho."

Siku ya pili yake Salama alivuka mto. Mwanahamisi alikuja pia, kwa sababu Salama alimdanganya kwamba wanakwenda kupima sufuria. Barazani walimkuta Masudi na simu yake, na Zainabu pembeni na nguo ya kushona. Masudi alikuwa ameshaisoma nyongeza, na kidole chake kilikuwa kinaelea juu ya kidude anachokipenda.

"Mupwa wangu," akasema, "juzi umefuta jando, umefuta kwaya, na watu wamekasirika. Tumenyamaza juu ya ile umesema: damu na ndoa, basi. Leo ni yako, unataka kufungua tena?"

"Hii haiko sawa na kwaya, Mujomba."

"Kila muntu alisema ya kwake haiko sawa na ya mwenzake. Damu ni damu."

Hapo Salama akakasirika, na hasira yake ilikuwa ya miaka mingi ingawa aliitambua siku hiyo.

"Sawa. Kukatala ni haki yako. Lakini hii programu ni ya wazi, Mujomba, sheria yake iko vile. Ukikatala ninakamata copie, nakala yake, ninaweka kiungo yangu, ninaenda nayo. Zitakuwa mbili. Yako, mama hayuko ndani. Yangu, mama iko ndani, na nyinyi nitaona kama nitawaweka."

Zainabu akainua macho kutoka kwenye nguo yake. Masudi akafungua mdomo, lakini aliyesema ni Mwanahamisi, na aliyemwambia ni Salama.

"Nyamaza."

Salama akanyamaza.

"Ile njia yote niliimba majina ya hawa watu hata koo ikakauka. Ile redio, walinichoka hata wakaanza kunificha viti. Nilifanya vile juu ya nini? Juu upate watu. Mujomba, mama mudogo, fasi ya kuulizia kwenu ni wapi. Leo unataka kuwatupa juu ya kikwembe? Basi ningekunyamazia tu. Ningesema nilikuzaa, nani angejua?"

Salama alilia waziwazi kama mtoto. Alikumbuka ile siku ya ungo na mchele, na ile sheria aliyoisoma, na akajiona mjinga kupita mipaka. Jina la aliyetengeneza mbele, asiitoshe. Mama yake aliifuata kabla hata haijaandikwa, akalitunza jina la Mwamini hadi likaja kuchukua kiti chake.

Masudi alikuwa akitazama simu. Alikohoa.

"Ile dada ya Lubumbashi," akasema, "hakusema mbele ya kukubali tujaribu na watu ya kweli?"

"Alisema vile," Salama alijibu huku akipangusa pua.

"Basi tujaribu. Lakini isibaki ndani. Ya kujaribu tu." Akampa simu. "Andika Masudi."

Salama akaandika Masudi.

"Weka ile kiungo yako. Amelelewa na." Akatazama upande wa barabara inayotoka Alunguli kwenda Pangi, kana kwamba kuna mtu anakuja. "Andika Hélène."

Sindano ya Zainabu ilisimama hewani. Salama aliuliza kwa upole, "Hélène njo nani, Mujomba?"

"Andika tu. Nilikuwa mudogo. Andika."

Akaandika, akabonyeza, akamrudishia simu bila kusoma. Masudi alisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akasoma tena bila miwani, ingawa bila miwani haoni hata mto Lualaba.

"Imesema nini?" Zainabu aliuliza.

Masudi hakusoma kwa sauti ya kuadhini. Alisoma taratibu, midomo ikitikisika tu, na hakuna aliyesikia.

"Na kama muntu alishakufa?" akamuuliza Salama. "Inabadirika?"

"Haibadirike, Mujomba. Kufa haiko kiungo."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Alimwomba Salama afute lile jaribio, na Salama akalifuta. Kisha akauliza kidude cha kukubali kiko upande gani, akaonyeshwa, akakibonyeza kwa nguvu kama mtu anayeua mdudu. Zainabu akakunja nguo yake ya kushona, akasema kwamba hata hivyo mwenyewe hakupenda kukaa mkekani, magoti yanamuuma. Magoti ya Zainabu hayajawahi kuuma. Mwanahamisi, aliyekuwa hajaelewa vizuri kilichobonyezwa, aliuliza sufuria ziko wapi azipime.

Siku ya arusi Mwanahamisi alikuwa kwenye sufuria kweli, maana aliwaona wapishi wakimwaga mchele kwenye maji yasiyochemka na hakuweza kuvumilia. Upande wa mume ulipokuja na kikwembe na kuuliza mama wa huyu ni nani, kwanza hakuna aliyesimama, watu wakageuka huku na huku. Ndipo Masudi aliposimama, akaita kwa sauti ambayo nadhani waliisikia hadi ng'ambo:

"Mama Salama!"

Hakuwahi kumwita hivyo tangu avuke mto mara ya kwanza. Mwanahamisi alitokea na moshi, mwiko mkononi, uso umejaa masizi. Alimtazama Masudi, akatazama kikwembe, akamtazama Salama.

"Ni mimi," akasema. Kisha akamgeukia mpishi nyuma yake. "Punguza moto."

Alifunikwa kikwembe pamoja na mwiko. Alikaa mkekani akamshika Salama mkono. Baadaye, shangwe ilipopungua, alimnong'oneza amsomee simu inasema nini.

"Mama," Salama alisoma.

"Njo ile tu?"

"Njo ile tu."

"Na ilitaka ordinateri," Mwanahamisi akasema, akapangusa macho kwa ncha ya kikwembe kipya, kikaingia masizi. Habari za kwenda Kibombo hazikutajwa tena. Chandarua kilirudi kitandani.

Masudi hakukaa hadi mwisho wa arusi. Alionekana akiongea na mwenye pikipiki, akiwa na kikwembe kingine kwenye mfuko, kizuri kama kile cha kwanza. Alipoulizwa ni cha nani alisema kwamba barabara ya Pangi ni mbaya na lazima awahi. Pikipiki ilipoingia shimo la kwanza, waliokuwa karibu walimsikia akipiga ukelele wake uleule.

Siku chache baadaye, mchana, Salama alikuwa sekretariati akimchapia mtu barua ya kazi. Simu ikalia: nyongeza mpya kwenye Nani Kwangu, ya kwanza kuletwa na mjomba wake, ambaye hadi hapo alikuwa akikataa na kukubali za wenzake tu. Ilikuwa imeandikwa kwa kidole kimoja, yenye makosa ya herufi, na haikuwa ya kujaribu tena. Masudi, amelelewa na Hélène. Chini kulikuwa na kile kisanduku cha sababu, na kwa kuwa ni kanuni, mzee alikijaza.

Sababu: nilikuwa na njaa.

Mteja aliuliza kama barua yake imekwisha. Salama alimwambia angoje kidogo, akatafuta kidude cha kukubali.